Nani Alitoa Thamostati?

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimefukuzwa kazi. Hapana, kazi bado ipo. Nilikuwa likizo Ilula, mkoani Iringa, nikishika tochi na spana kumsaidia fundi kufungua injini ambayo, kusema ukweli, nimechangia kuiua. Nimerudi Dar na mikono yenye grisi na kichwa chenye historia. Grisi imetoka kwa sabuni ya unga. Historia naimwaga hapa.

Mkasa wenyewe ni huu. Baba yangu mdogo ni mwalimu mstaafu. Alipopata kiinua mgongo chake alitaka kitu kimoja tu, pikapu ya kubebea nyanya. Anayeijua Ilula anajua kwamba pale nyanya ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo mahari. Akaja Dar, akapata Toyota Hilux ya mwaka 1994, injini ya dizeli ile iitwayo 2L. Gari limenizidi umri. Nikachaguliwa kumsindikiza kwa sababu mimi ndiye msomi wa ukoo, na kwetu mtu mwenye digrii ya uandishi wa habari anatarajiwa kujua na magari.

Muuzaji alitupa maneno matamu. Alisema gari halina shida yoyote, na kwamba hata thamostati alishaitoa zamani, kwa hiyo halitachemsha kamwe. Tulimshukuru. Jamani, tulimshukuru!

Kutoka Chalinze hadi Mikumi mshale wa geji ya joto ulikaa chini kabisa, jirani na herufi C. Baba mdogo akawa anaupigia makofi. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukapiga picha. Kisha tukaanza kupanda Kitonga.

Kwa ambaye hajapita huko, Kitonga ni mlima unaokutoa kwenye joto la bonde la mibuyu na kukupandisha kwenye nyanda za Iringa, kona baada ya kona, malori yakikoroma kwa gia ndogo. Tulikuwa gia namba mbili. Mshale ukaanza kupanda. Nusu. Robo tatu. Baba mdogo akaniuliza, "Mwanangu, tusimame?" Hapakuwa na pa kusimama, nyuma kulikuwa na lori limetuganda. Mara mshale ukashuka. Ulishuka haraka, ukarudi hadi karibu na C. Nikasema kwa sauti ya kisomi kabisa: "Imepoa, ba'mdogo. Twende tu."

Haikuwa imepoa. Maji yalikuwa yamekwisha. Kile kifaa kinachopeleka habari kwenye geji hupima joto la maji yanayokigusa. Maji yakiondoka kinabaki kimening'inia kwenye hewa na mvuke, na kinaweza kuripoti kwamba mambo ni shwari wakati chuma kinaungua. Mimi mwandishi wa habari nikaendelea kukinukuu chanzo ambacho kilishaondoka eneo la tukio.

Dakika chache baadaye nguvu zikaisha, boneti likafuka wingu jeupe, tukasimama pale pale penye kona. Utingo wa lori la nyuma akaruka chini na dumu. Baba mdogo alikuwa ameshaukamata mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Kijana akapiga kelele: "Mzee, acha! Utaungua uso!" Tukasubiri karibu saa nzima. Kijana yule hakutaka hela, alitaka vitunguu.

Tulivutwa hadi Ilula. Fundi tuliyepelekwa ni mzee ambaye alianza kazi mwaka 1974, akiwa na miaka 16, kama utingo wa malori ya Zambia. Tulimwamkia, kamwene, shikamoo, akaitikia huku macho yako kwenye injini. Akafungua ile nyumba ndogo ambamo thamostati hukaa, akachungulia, akakuta tupu.

"Nani alitoa thamostati?"

Baba mdogo akajibu kwa fahari kidogo kwamba aliyetuuzia alishaitoa. Mzee akatikisa kichwa. "Hata mimi nilizitoa. Nimezitoa nyingi. Lakini unatoa kwenye gari gani, na kwa nini, hapo ndipo pa kuuliza."

Ndugu zangu, likizo yangu iliishia hapo. Swali la nani alitoa thamostati nililifuata kwa siku kumi, mchana gereji, usiku kwenye simu nikisoma, na lilinirudisha nyuma zaidi ya miaka 130.

Tuanze na jambo la msingi. Injini inayounguza mafuta ndani yake ni mashine ya kupoteza joto. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja hivi ya nishati ya mafuta hugeuka kuwa kazi, theluthi nyingine hutoka na moshi, na inayobaki lazima itafutiwe pa kwenda, la sivyo chuma kinajikunja. Karl Benz, Mjerumani aliyesajili gari lake la magurudumu matatu Januari 1886, alilitatua hilo kwa njia ya mkato. Maji yaliizunguka silinda, yakachemka, yakapaa kama mvuke, dereva akaongeza mengine. Yaani gari la kwanza lilikuwa linachemsha kwa makusudi.

Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari hilo bila kumuaga mumewe, akiwa na wanawe wawili, Richard na Eugen, kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Njiani walitafuta maji mara kwa mara, mafuta waliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, na penye milima vijana walishuka kusukuma. Wanahistoria humwita dereva wa kwanza wa safari ndefu. Mimi niliyesimama Kitonga na dumu mkononi naona wanamnyima cheo kingine. Bertha Benz ndiye utingo wa kwanza duniani.

Mtindo wa kuongeza maji haukuweza kudumu. Injini zilipokua, maji ya kubeba yalikuwa mengi mno. Aliyefungua njia ni Wilhelm Maybach, kwenye gari la Mercedes la nguvu za farasi 35 lililokamilika Desemba 1900. Alitengeneza rejeta iliyofanana na sega la nyuki, vijibomba 8,070, kila kimoja na upana wa milimita 6 tu, upepo ukipita ndani yake na maji yakipita kati yake, na feni nyuma ya kusaidia gari likiwa linakwenda polepole. Maji ya kubeba yakashuka kutoka lita 18 hivi hadi 9. Tangu hapo wazo ni lile lile hadi kwenye Hilux ya baba mdogo. Maji hayapozi injini. Maji ni mchukuzi tu, anabeba joto kutoka kwenye chuma na kulikabidhi kwa upepo.

Mzee wangu wa Ilula hajawahi kumsikia Maybach, lakini uchunguzi wake ulianzia hapo hapo. Alipiga magoti mbele ya rejeta akamulika tochi kutoka nyuma. Mwanga haukupita. Matope, mbegu za nyasi, mabawa ya wadudu, vile vibati vyembamba vimelala kama nywele zilizopakwa mafuta. "Upepo unapita wapi hapa?" Kisha akaitoa, akaiegemeza ukutani, akamimina ndoo ya maji juu kwa mkupuo. Rejeta nzima huyatapika chini karibu kwa kasi ile ile unayomimina. Yetu ilijaa juu ikafurika, chini ikawa inatoa kijito cha kusikitisha. Nusu ya mirija ilikuwa imeziba kwa kutu na ile chokaa nyeupe unayoiona kwenye birika la chai.

Hapo nikauliza swali langu la kipuuzi: sasa mbona Chalinze mshale ulikuwa chini? Mzee akacheka. Nitalirudia jibu lake, kwa sababu ndiyo roho ya habari hii. Kwanza tumalizie kutoka nje ya karne ile.

Mwaka 1907 gari lilikuwa tayari limefika kwetu kwa fujo. Agosti 10 mwaka huo afisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam akitaka kuvuka Afrika kwa gari. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1, 1909. Siku 630. Mnaolalamikia basi la Mbeya, poleni.

Mwaka uliofuata safari hiyo kuanza, 1908, Henry Ford akatoa Model T. Magari 2,500 hivi ya mwanzo yalikuwa na pampu ya maji, kisha Ford akaiondoa. Akategemea kanuni ambayo kila anayechemsha maji ya ugali anaijua: maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka. Maji yalipanda yenyewe hadi juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka, yakarudi injini. Hakuna pampu, hakuna thamostati, hakuna presha. Magari zaidi ya milioni 15 yalitengenezwa hivyo hadi 1927, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Ford za aina hiyo zilitumiwa na jeshi la Waingereza katika mapigano ya huku Afrika Mashariki. Kwa gari la namna hiyo, kila kizuizi kwenye njia ya maji ni adui. Mtu aliyejifunza ufundi kwa gari kama lile angekuwa sahihi kabisa kusema: acha maji yapite, usiweke kitu katikati.

Kisha gari likabadilika, na hapa naomba msikimbie.

Pampu ilirudi; Ford mwenyewe aliiweka kwenye Model A iliyochukua nafasi ya Model T mwishoni mwa 1927. Pampu ikaleta shida mpya. Maji sasa yalizunguka kwa nguvu hata asubuhi ya baridi, injini ikachelewa kupata moto, na injini isiyopata moto hula mafuta, huchafua oili na kuchakaa haraka. Miaka ya 1930 Mmarekani Sergius Vernet akaja na thamostati ya nta, kikopo kidogo chenye nta ndani. Ikipoa nta imeganda na mlango umefungwa. Ikipata moto nta inayeyuka, inavimba, inasukuma kijiti, mlango unafunguka. Hakuna umeme, hakuna akili. Ni nta tu, na mpaka leo iko kwenye magari mengi barabarani.

Presha nayo ililetwa zaidi na ndege. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndege za kivita za miaka ya 1930 na 1940 zisingeweza kwenda hivyo, basi mfumo ukafungwa na kushindiliwa presha. Baada ya vita kumalizika 1945 wazo likaenea kwenye magari ya kawaida, ndani ya kile kidude tunachokidharau, mfuniko wa rejeta. Mfuniko wa kawaida wa Toyota za enzi ya Hilux yetu una presha ya 0.9. Usawa wa bahari, presha hiyo inazuia maji kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Mfuniko ukifa, umepoteza karibu nyuzi 20 za usalama bila kuona tone lolote likidondoka. Wa kwetu ulikuwa wa gari jingine kabisa, na ule mpira wake wa chini ulikuwa umeliwa wote. Mtu alikwenda dukani akanunua kitu kinachofanana.

Na kulanti? Hapa lugha ndiyo ilituponza. Wazungu walipoanza kuiuza sana miaka ya 1920 waliipa jina linalomaanisha dawa ya kuzuia maji kugandisha barafu. Ukisoma jina hilo ukiwa Tanga au Mombasa, unacheka na kujaza maji ya bomba. Lakini ndani ya dawa hiyo mlikuja kuwekwa vizuia kutu, na yenyewe hupandisha kiwango cha kuchemka. Hedi ya 2L ni aluminiamu na bloku yake ni chuma cha kuvalisha. Maji matupu hapo katikati yanazaa kutu, na maji ya kisima yenye chokaa yanamalizia. Kile kijito cha kusikitisha kilikuwa ni miaka mingi ya maji ya bomba.

Sasa turudi nyumbani, maana historia ya Wazungu pekee haijibu swali la mzee.

Novemba 11, 1965, Ian Smith alijitangazia uhuru wa Wazungu wachache kule Rhodesia. Zambia, isiyo na bahari, iliyokuwa ikipitisha shaba na mafuta yake huko kusini, ikajikuta imebanwa. Njia iliyobaki ni Dar es Salaam. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi na matope, hadi waandishi wa Kiingereza wakaibatiza jina la safari ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968, lami ikafuata, reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Mlima ulibaki pale pale.

Mzee aliingia humo 1974. Anasema kazi ya utingo ilikuwa mawe na maji. Mawe ya kuzuia tairi, maji ya madumu mawili, na gunia lililoloweshwa la kufunika rejeta kileleni. Thamostati anasema ilitolewa siku gari lilipoingia mkononi mwa dereva, kama unavyotoa nailoni kwenye kiti kipya. Kwa baadhi ya injini za zamani, zenye njia moja tu ya maji, haikuleta janga. Injini ilichelewa kupata moto, basi.

Kilichoigeuza tabia hiyo kuwa sheria, kwa maoni yangu, ni miaka iliyofuata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita ya Kagera ikaanza 1978, bei ya mafuta duniani ikapanda tena 1979, fedha za kigeni zikaisha. Hadi serikali ilipoanza kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984, spea ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Jiweke kwenye viatu vya fundi wa 1981. Thamostati ikikwama ikiwa imefungwa, gari linakufa. Mpya hakuna, wala hujui itapatikana lini. Unaitoa, na unamshauri kila mteja aitoe kabla haijakwama. Ule ulikuwa uamuzi wa akili kabisa. Fundi akamfundisha mwanafunzi wake kutoa, ila hakumwambia kwa nini, na mwanafunzi akamfundisha aliyekuja kutuuzia Hilux.

Tatizo ni kwamba Hilux ya 1994 haikutengenezwa kwa ajili ya 1981. Kwenye injini nyingi za dizeli za Toyota za kizazi kile, thamostati ina milango miwili. Wa kwanza unafungua njia ya kwenda rejeta. Wa pili, kwa wakati ule ule, unaziba kichochoro kinachorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, umefungua njia kuu, ni kweli, lakini kichochoro nacho kimebaki wazi milele. Sehemu ya maji inazunguka ndani, ikiwa moto, haionji upepo hata siku moja.

Ndiyo maana ya kicheko cha mzee. Chalinze, barabara tambarare, injini haifanyi kazi kubwa, joto ni dogo kuliko hata ile nusu rejeta inayoweza kutoa, mshale unalala. Kitonga, gia namba mbili, joto limefumuka, upepo wa mbele hakuna, nusu ya rejeta imeziba na sehemu ya maji inapita uchochoroni. Mshale wetu uliolala ulikuwa dalili ya ugonjwa, na sisi tuliupigia makofi. Mzee alimalizia hivi: "Mtu hatoi thamostati kwenye gari lisilochemsha. Ukisikia imetolewa, muulize alikuwa anaficha nini." Yule muuzaji pengine wala hakujua kwamba anaficha. Sijui.

Feni nayo ilikuwa na hadithi yake. Feni inahitajika gari likienda polepole. Likikimbia, upepo wa barabara unatosha na feni inakula nguvu bure. Peugeot 404, iliyoanza 1960, ilikuwa na feni inayojikata kwa sumaku ya umeme joto likishuka, kisha kujiunga tena likipanda. Hilo ndilo gari lililoshinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili za katikati likiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Mwaka 1963 waliondoka 84 wakamaliza 7. Sisemi ni feni iliyoshinda, ila wazee wanaoipenda 404 msiwabeze. Hilux inatumia kifaa chenye mafuta mazito ya silikoni katikati ya feni. Kikizima, ukiisukuma feni kwa mkono injini ikiwa imezimwa inazunguka ovyo kama pangaboi, nzima inakukatalia. Yetu ilikuwa imepigwa bolti moja kwa moja, haina cha kujikata wala kujiunga. Mtu mwingine tena, tatizo jingine tena, njia ya mkato nyingine.

Mzee ana utaratibu wa kuhoji dereva kabla ya kushika spana, na mimi kama ripota niliuhusudu. Linachemsha foleni tu, ukifungua mwendo linapoa? Anatazama feni. Mjini safi, mlimani au mwendo mkubwa linachemsha? Rejeta, au maji hayazunguki vizuri. Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa na mpira wa juu wa rejeta bado baridi? Thamostati imekwama ikiwa imefungwa. Mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe mapema, kabla maji hayajapata moto? Hapo uso wake hubadilika.

Wa kwetu ulikuwa mgumu kama jiwe.

Asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi kabisa, alijaza maji hadi mdomoni, akaacha mfuniko wazi, akaniambia niwashe. Kwa sekunde kadhaa maji yalitulia. Kisha yakaanza kutoa mapovu, madogo, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa. Akaniambia nipige resi. Mapovu yakafuata mguu wangu. Ni hewa ya silinda, inapenya hadi kwenye maji. Baba mdogo alikuwa amesimama pembeni na kikombe cha chai. Hakuuliza kitu. Amefundisha sayansi darasa la saba kwa miaka mingi, alielewa.

Hedi ilipotoka tulikuta gasketi imeungua, na kati ya vali mbili za silinda ya tatu kuna mstari mwembamba kama unywele. 2L ina sifa mbaya ya kupasuka hedi, mafundi wote wanaijua, na aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku ikipata moto. Nilimuuliza mzee kama mstari ule ulitokea kabla au baada ya yale maneno yangu, "imepoa, twende tu." Alifuta mikono kwa muda mrefu. Akasema injini haina saa ndani yake.

Hedi nyingine ilipatikana Iringa mjini, ya kutumika lakini imepimwa. Rejeta ilipelekwa kwa fundi wa rejeta, ikafunguliwa juu na chini, mirija ikapitishwa waya mmoja baada ya mwingine. Mfuniko mpya wa 0.9. Kulanti, nusu kwa nusu na maji safi. Feni ilirudishiwa kifaa chake. Gharama zilikula pesa ya mbegu na mbolea ya msimu huu. Mimi nimechangia mshahara wa mwezi mmoja na nusu, na bado nadaiwa, si kwa maandishi lakini nadaiwa.

Thamostati mpya mzee aligoma kuifunga bila kuijaribu. Imegongwa namba 82 juu yake, kwamba inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Tukaenda nayo jikoni kwa mama mdogo, tukaifunga uzi, tukaitumbukiza kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, pamoja na kipimajoto alichoazima baba mdogo kwenye maabara ya shule yake ya zamani. Watu wanne tumeinama juu ya sufuria. Sabini. Sabini na nane. Kwenye 82 mlango ukatingishika, ukaachia ufa mwembamba, na kadiri maji yalivyozidi kupata moto ukafunguka wazi. Baba mdogo akasema "enhe!" kama alivyokuwa akisema darasani mwanafunzi akipata jibu.

Mama mdogo amekataa kupikia tena kwenye ile sufuria. Iko gereji kwa mzee, anajaribia thamostati za wateja.